Mtamba wa Bluu

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa usafi. Naanza nalo kwa sababu najua baadhi yenu mnaokalia kile kiti changu sasa mna ugonjwa uleule. Mnataka mashine iwe safi kama sahani iliyotoka kuoshwa, na mkiona faili la zamani limelala pembeni, vidole vinawawasha.

Ilikuwa laptop ya mwalimu mmoja wa Kemambo. Aliileta dukani kwetu Nyamisangura, Tarime mjini, akitaka nimtolee mfumo uliokuwepo na kumwekea Linux, maana flashi za kila mtu shuleni zilikuwa zimeijaza virusi mpaka mitihani yake haifunguki. Nikamwekea, nikaisasisha, ikakubali. Halafu nikaona kwamba kernel ya zamani bado ipo. Kernel ni kiini cha mfumo, ile sehemu inayoongea na kioo, kadi ya picha, kibodi na vifaa vingine. Ikija mpya, ya zamani huachwa pembeni, ili mpya ikigoma uweze kurudi nyuma. Mimi hiyo sababu sikuijua. Nilichokiona ni uchafu. Nikaifuta kabla hata sijaizima mashine na kuiwasha upya. Mashine yenyewe iliniuliza kama nina uhakika. Nilikuwa na uhakika.

Nilipoiwasha, kioo kikajaa mistari myembamba ya kijani na zambarau, inatetemeka. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Hiyo ndiyo Linux?" akauliza.

"Bado, mwalimu," nikamwambia. "Inakuja."

Haikuja. Kernel mpya haikuelewana na kadi yake ya picha, na ile ya zamani nilikuwa nimeizika kwa mikono yangu. Ilibidi niiwashe mashine kwa flashi yenye mfumo, nitoe mitihani yake kwanza niihifadhi mahali, kisha nianze kazi yote upya. Mwalimu alikunywa soda, akamaliza kusoma gazeti la wiki iliyopita, akalirudia. Mitihani ilipona.

Sasa mnajua ninyi mnaongea na mtu gani. Mimi si mzee. Sina mvi hata moja, na wanaonicheka kwa kuandika kumbukumbu za kazi katika umri huu wana haki yao. Lakini kazi ya kiti kile nimeiacha, siku hizi niko Mugumu nafunga sola kwenye mapaa ya watu, na Dada Wankuru, mwenye duka, amesema niwaandikie ninyi mliobaki kile ninachokijua, kwa sababu, kwa maneno yake, "uliharibu vitu vingi sana hapa, Marwa, ni vizuri viwe na faida."

Sikusoma chuo. Nilijifunza Linux kwa kusoma majibizano ya watu mtandaoni, Kiingereza nusu nakielewa, nusu nakipeleka kwenye simu inifafanulie. Mtu aliyejifunza mwenyewe ana hofu moja isiyoisha: kwamba kuna jambo ambalo wenzake wote walifundishwa siku ya kwanza, yeye peke yake hakuwepo. Hofu hiyo ilinifanya nirudie kila kitu mara nyingi kuliko inavyotakiwa. Nilikuwa nafunga skrubu, nafungua, nafunga tena.

Katekista mmoja alituletea laptop ambayo ukishusha ukurasa kwa haraka picha inakatika katikati, nusu ya juu inatangulia, nusu ya chini inafuata, kama mtu aliyevaa suruali ya mwenzake. Baada ya sasisho jambo hilo hutokea sana, na dawa yake mara nyingi ni mpangilio mmoja tu kwenye sehemu ya onyesho. Niliupata. Ukapunguza, haukumaliza. Nikakaa na ile mashine. Nikabadilisha dereva, ile programu inayoendesha kadi ya picha, nikairudisha, nikabadilisha tena. Jumamosi mwenyewe akaja.

"Iko wapi mashine yangu?"

"Baba, bado kuna mkatiko kidogo. Ukishusha hivi, unaona? Pale."

Akainama, akatazama, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. "Mimi hata siuoni, mura, kijana wangu. Nilileta kwa sababu kibodi ilikuwa haiandiki herufi ya M."

Sikuwa nimeigusa kibodi. Nikaisafisha pale pale amesimama, na akaondoka na mahubiri yake. Kwa hiyo jambo la kwanza la kazi ni hili: muulize mwenye mashine yeye anaona nini. Usimwambie wewe unaona nini mpaka amalize.

Na jambo la pili nililipata kwa Mzee Salimu, fundi televisheni wa mlango wa tatu kutoka kwetu. Watu wake walitoka pwani zamani, lakini yeye amezaliwa Tarime na anagombana kwa Kikurya bila kuvuta pumzi. Linux hakuijua, wala hakutaka kuijua. Siku moja nilikuwa na laptop ya mtumba iliyovushwa mpaka wa Sirari, imesasishwa juzi yake, na kioo kinapepesa. Nilikuwa nimeshajiandaa kufuta dereva zote. Yeye alikuja kuazima bisibisi, akakamata kifuniko cha laptop, akakiinua taratibu, akakishusha taratibu. Kikishuka, kinapepesa. Kikipanda, kinatulia.

"Hilo sasisho lako," akasema, "linajua kifuniko kiko wapi?"

Ulikuwa waya wa kioo, umebanwa kwenye bawaba. Tangu hapo nikaanza kufanya hivi, na ninyi mfanye: kabla hujagusa programu yoyote, piga picha ya skrini kwa kutumia mashine yenyewe, kisha ihamishie kwenye simu na uitazame huko. Ukiiona mistari ndani ya ile picha, kosa lipo kwenye programu. Picha ikiwa safi na kioo kichafu, tafuta waya, tafuta kioo, na mara nyingine dereva, lakini anza na waya. Sasisho linasingiziwa mambo mengi kwa sababu tu lilipita karibu.

Lakini nilichotaka kuwasimulia hasa ni siku ya ng'ombe.

Bhoke alikuwa fundi cherehani wa chumba kinachopakana na duka letu, ukuta wetu mmoja. Alikuwa akinipigia ukuta kwa mkasi nikimzidishia muziki. Mchumba wake, Mwita, alikuwa wa Mbalibali, kule Serengeti. Mnajua utaratibu: upande wa binti huenda kwa upande wa kijana kuwatazama ng'ombe wa mahari, mmoja mmoja, miguu, meno, pembe, na kukataa wanaokataliwa. Mwenye kauli upande wa Bhoke alikuwa baba yake mkubwa, Mzee Matiko wa Kemambo, na Mzee Matiko alikuwa na goti ambalo lisingefika Mbalibali. Kutuma mtu hakutaka. Alisema hajawahi kuchagua ng'ombe kwa macho ya kuazima.

Kulikuwa pia na ukoo mwingine, wa karibu na kwao, uliomtaka Bhoke. Mzee Matiko aliupenda kwa sababu moja: ng'ombe wao aliwaona wakipita mlangoni kwake kila asubuhi. Hakuwa na ubaya na Mwita. Alikuwa hawajui ng'ombe wake, basi.

Bhoke ndiye aliyepata wazo. Mwita awapige video ng'ombe wote, kaka yake mkubwa Chacha azilete kwa flashi, na Mzee Matiko aje Tarime mjini awatazame kwenye skrini kubwa. Mzee alikubali kwa shida. "Nitatazama mara moja," alimwambia Bhoke. "Nikiridhika, maongezi yaendelee. Nisiporidhika, nitarudi nyumbani, na wale wa jirani watanisikia." Bhoke alikuja kunieleza akiwa ameshika sindano mdomoni, akaitoa ili nimsikie vizuri.

"Marwa, wewe ndiye utakayewasha. Nakuamini."

Hilo ndilo neno baya kuliko yote unaloweza kumwambia mtu kama mimi.

Tukaazima televisheni ya Mzee Salimu, tukaiunga kwenye laptop ya duka. Asubuhi ya siku yenyewe nilifika mapema. Kila kitu kilikuwa tayari tangu jana. Ila pembeni ya skrini kulikuwa na kile kialama kidogo chekundu kinachosema masasisho yapo. Nilikaa nikikitazama. Nikajiambia, wageni watakiona. Watauliza kile nini. Itaonekana kama sijui kazi.

Nikasasisha. Kisha, kwa sababu mwalimu wa Kemambo alikuwa amenifundisha kuhusu kernel tu na si kuhusu maisha kwa ujumla, nikafuta mafurushi yote ya zamani yaliyobaki kwenye hifadhi, yale ambayo ungeweza kuyatumia kurudisha programu ilivyokuwa bila intaneti. Kernel ya zamani niliiacha. Nilijiona nimekua.

Chacha akafika na flashi. Nikafungua video ya kwanza kuijaribu. Fahali mweusi mwenye baka jeupe begani, amesimama kwenye majani, mawingu juu yake. Fahali mweusi, baka jeupe, majani ya kijani, mawingu meupe. Sauti ipo. Picha inateleza vizuri kama maziwa. Nikaijaribu tena, na tena, fahali yuleyule.

"Iko sawa," nikamwambia Bhoke.

Mzee Matiko akaingia na fimbo, nyuma yake mdogo wake, ambaye Bhoke alimwita Baba Mdogo na sisi wote tukafuata. Shikamoo zikapita. Dada Wankuru akafunga mashine ya kunakili ili isipige kelele. Mzee Salimu alikaa karibu na televisheni yake kama mzazi aliyempeleka mtoto shule. Bhoke akakaa nyuma, kwenye kibenchi cha wateja, mikono magotini.

Fahali mweusi akapita. Mzee Matiko akatikisa kichwa kidogo, kwa kukubali.

Video ya pili ilikuwa ya mtamba mwekundu, jike ambaye bado hajazaa. Chacha akajiweka vizuri kwenye kiti, maana huyo ndiye waliyekuwa wanajivunia. "Sasa baba, huyu ndiye," akasema. "Huyu mtamba hata kule Sirari wamemuuliza."

Akatoka nyuma ya boma, taratibu, akiongozwa na mchungaji. Alikuwa bluu. Bluu iliyoiva, ya sare ya shule. Mchungaji naye uso wake ulikuwa na rangi ya mtu aliyekaa muda mrefu chini ya maji.

Mtamba akapita, akageuka, akajikuna kwenye mti.

"Hii ng'ombe," Mzee Matiko akasema, "iko bluu."

"Ni mwekundu, baba," Chacha akasema.

"Mimi naona bluu. Wewe Baba Mdogo, unaona nini?"

"Bluu," Baba Mdogo akasema. "Na yule kijana ni mgonjwa."

"Hiyo ni TV," Chacha akasema. "Hii TV imeoza."

Mzee Salimu akasimama. "TV ya nani imeoza?" Akachukua rimoti, akafungua menyu ya televisheni yenyewe, ikatokea ina vitufe vya rangi. "Hiki ni rangi gani? Soma. Nyekundu. Na hiki? Bluu. TV yangu inazijua rangi kabla hujazaliwa. Tazama huko kwenye hako kakompyuta."

Tukatazama kwenye laptop. Mtamba alikuwa bluu na huko. Kwa hiyo televisheni haikuwa na kosa, wala waya. Mzee Salimu akakaa chini, akapanga kofia yake.

Macho yote yakanigeukia. Ninyi mtafika siku hiyo, kila fundi huifikia, na nataka mjue kinachotokea: akili inataka kufanya jambo kubwa. Yangu ilitaka kurudisha programu zote zilivyokuwa jana. Nikakumbuka nimezifuta asubuhi. Ikataka kuzipakua. Bando la duka lilikuwa limeishia kwenye sasisho. Nikaanza kufungua vidirisha vyenye maandishi meupe kwenye weusi, kwa sababu vinaonekana kama kazi.

Dada Wankuru alikuja akasimama begani kwangu. Yeye hajui kutengeneza, ila anajua mimi ninavyotengeneza.

"Marwa. Ile programu nyingine ya video haipo?"

"Ipo. Lakini inakatakata. Haitumii kadi ya picha, inasuasua, haipendezi."

"Wazee wamekuja kuona ng'ombe. Hawakuja kuona picha inayoteleza."

Nikaifungua video ileile kwa ile programu nyingine. Mtamba akatoka nyuma ya boma akiwa mwekundu kama udongo wa Kemambo mvua ikishakatika. Mchungaji akawa mtu mzima mwenye afya. Picha ilikuwa inasimama na kuruka, inasimama na kuruka.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mashine haikuwa imeharibika. Sasisho lilikuwa limebadilisha jinsi kadi ya picha inavyoisaidia ile programu ya kwanza, na katika msaada huo nyekundu na bluu zilikuwa zimebadilishana viti. Nyeusi na nyeupe na kijivu hazina cha kubadilishana. Kijani chenyewe kinabaki kwenye nafasi yake. Mimi nilikuwa nimeipima mashine kwa fahali mweusi mwenye baka jeupe kwenye majani chini ya mawingu, yaani kwa kitu pekee pale Mbalibali ambacho kisingeweza kunionyesha kosa. Ningempima mara mia angetoka vilevile.

Nikadhani tumepona. Mzee Matiko akainua fimbo.

"Ngoja, mura. Kwanza ilikuwa bluu. Umebonyeza, imekuwa nyekundu. Ukibonyeza tena itakuwa nini?"

"Hapana, baba, hii ndiyo rangi yake."

"Nani kasema? Wewe. Na dakika ile nyingine mashine yako ilisema bluu, na wewe ulisema iko sawa, nilikusikia nikiingia. Mashine inayoweza kubadilisha rangi ya ng'ombe haiwezi kuongeza mwili? Haiwezi kutoa miaka?" Alisema bila hasira, kama mtu anayeuliza bei. "Wale wa jirani, ng'ombe wao hawabonyezwi."

Kwa kweli swali lake lilikuwa sahihi, na bado naliona kuwa ndilo swali bora nililowahi kuulizwa kwenye kazi hii. Kwa nini aamini programu ya pili kuliko ya kwanza? Mimi mwenyewe niliiamini kwa sababu nilijua tayari kwamba ng'ombe hawawi bluu. Lakini kama pangekuwa na ng'ombe wa kahawia aliyetokea mweusi, ningejuaje?

Nyuma yetu kibenchi kikalia. Bhoke alikuwa ameondoka. Nilidhani ameshindwa kuvumilia. Tukasikia droo ya cherehani inavutwa upande wa pili wa ukuta, ikafungwa, akarudi ameshika kipande cha kitambaa, chekundu, mabaki ya gauni la mtu.

"Baba mkubwa, hiki ni rangi gani?"

"Nyekundu."

"Kishike."

Mzee akakishika, akakigeuza, akakivuta kidogo kama anayetaka kukinunua. "Nyekundu," akarudia.

Bhoke akakichukua tena, akampa Dada Wankuru simu yake. "Nipige video hapo mlangoni." Akasimama kwenye mwanga, kitambaa amekishika kifuani, akageuka kushoto na kulia kama yule mtamba. Dada Wankuru akapiga. Bhoke akanikabidhi simu mwenyewe, na aliponikabidhi akasema polepole, "Anza na ile mbaya."

Nikahamisha video, nikaifungua kwa programu ya kwanza. Bhoke akatokea kwenye televisheni na uso wa rangi ya maji ya kina, na kitambaa bluu kabisa. Mzee Matiko akatazama televisheni, akatazama kitambaa mkononi mwa Bhoke, akamtazama Bhoke.

"Huyu naye ni mgonjwa," akasema Baba Mdogo.

Nikafungua kwa programu ya pili. Bhoke alivyo. Kitambaa kilivyo. Mzee Matiko akanyoosha mkono, Bhoke akampa kitambaa, mzee akainuka kwa goti lake lile bovu, akaenda mpaka kwenye televisheni na kukiweka kando ya picha ya kitambaa. Halafu akaanza kucheka, bila sauti, mabega tu.

"Kwa hiyo ile inadanganya na hii inasema kweli."

"Ndiyo, baba."

"Na wewe hukujua."

"Sikujua, baba."

"Basi tuanze upya. Na fahali pia mrudishe, nimtazame kwa hii ya kweli."

Tukaanza upya. Ile programu ya kukatakata niliyoiona ya aibu ikawa ndiyo wanayoitaka. Kila ikisimama, wazee wanainama mbele. "Hapo, hapo, acha hapo, tuone kwato." Kisha ikaruka. Baba Mdogo akakunja uso.

"Huyu anachechemea."

"Ni picha inakatakata, baba," Chacha akasema. Jasho lilikuwa linamtoka. "Hachechemei."

"Nimeona mguu unaruka."

Mzee Matiko akainua kidole. "Mtazame mchungaji. Naye anachechemea. Na mbwa je?" Tukasubiri mbwa apite. "Mbwa anachechemea. Hata kuku yule. Boma zima la Mwita linachechemea." Safari hii alicheka kwa sauti, na duka zima likafuata, na Bhoke akajificha uso kwa kile kitambaa.

Hukumu yake ilikuwa hivi. Rangi ameziona, alama ameziona, miili ameiona. Miguu haikuonekana vizuri, kwa hiyo Baba Mdogo atakwenda Mbalibali kutazama miguu, na miguu tu. Wale wa jirani hawataambiwa neno. Maongezi yaendelee. Alipokuwa akitoka aliniita.

"Mura, unaitwa nani?"

"Marwa."

"Marwa, siku nyingine ukitaka kujua kama mashine inaona vizuri, usiionyeshe kitu cheusi."

Alipoondoka nilitengeneza kile ambacho kingenichukua dakika chache tangu mwanzo. Niliingia kwenye mipangilio ya ile programu ya kwanza, nikazima msaada wa kadi ya picha kwenye kufungua video, rangi zikarudi mahali pake. Sasisho lililofuata lilirekebisha kosa lenyewe, nikauwasha ule msaada tena. Mkikutana na watu wa bluu, au kijani kinachomwagika kote wakati wa video tu na kwingine kote ni salama, anzeni hapo. Mambo mengine yote yakiwa sawa isipokuwa video, mgonjwa ni video. Na kioo kizima kikiwa giza au mistari tangu mashine inapowaka, hapo ndipo mnaitafuta kernel: izimeni, iwasheni huku mmeshikilia Shift au mnagonga Esc, itatokea orodha, ingieni kwenye machaguo ya ziada, mchague ya zamani. Ikiwaka vizuri, mmeshajua kosa liko wapi, na mteja anaweza kwenda na kazi yake wakati mnasubiri mpya irekebishwe. Si lazima mshinde siku hiyohiyo. Mimi ilinichukua muda mrefu kukubali hilo.

Baba Mdogo alikwenda Mbalibali, akarudi akasema miguu ipo, minne kwa kila mmoja. Ng'ombe waliletwa. Mwita na Bhoke wana mtoto sasa, na Bhoke bado anashona palepale, ukuta uleule, kwa hiyo punguzeni muziki. Mtamba mwekundu yuko Kemambo kwa Mzee Matiko na ameshazaa. Nilipita huko kufunga sola mwezi uliopita. Nilimkuta mzee ameketi mlangoni na fimbo yake, nikamsalimia, na ng'ombe walikuwa wanarudi. Akamwita mmoja kwa jina, na aliyegeuza kichwa alikuwa yule mwekundu.

Anamwita Bluu. Wajukuu wake hawajui kwa nini, na yeye hawaambii.

Kile kitambaa Bhoke aliniachia. Kimebandikwa ukutani kwa gundi upande wa kulia wa kiti chenu, kimepauka kidogo, msikitoe. Siku hizi sisasishi mashine siku ya kazi. Sifuti cha zamani mpaka kipya kimefanya kazi wiki nzima. Na sikabidhi mashine ya mtu kabla sijaiwekea kitu chekundu mbele yake.